Unapiga Shifti ya Usiku na Huoni Mtoi Wako? Soma Hii Kabla Umtoe Shule

Unatoka job saa kumi na mbili asubuhi, mtoi ndio anapanda basi ya shule. Akirudi jioni, wewe unafunga viatu kurudi kazi. Wiki nzima mnaonana vizuri Jumapili tu. Kama wewe ni nesi, soja, dere wa basi za usiku ama DJ, lazima umewahi kujiuliza: mbona nisimfunze mwenyewe hapa kwa keja?

Swali ni fiti. Lakini jua kwanza hii kitu inaenda aje.

Anza na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inataka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule bila kukosa. Kusomea nyumbani hakujatengewa njia yake wazi hapo, na kuna wazazi washawahi kujipata kortini juu ya hiyo story. So ongea na wakili kabla ya kuongea na mwalimu mkuu.

Pili, mtihani. KPSEA ya Gredi 6 na KJSEA ya Gredi 9 ni za KNEC, na mtoi husajiliwa kupitia shule. Ndio maana wengi wanaosomesha nyumbani hufuata mtaala wa nje, kama Cambridge. Hiyo mitihani unailipia mwenyewe, na si doo kidogo.

Tatu, masaa. Hapa ndio kuna raha. Somo moja la Gredi 1 hadi 3 ni dakika 30. Darasani mwalimu anagawa hizo dakika kwa watoi wengi. Mkiwa wawili tu mezani, masaa matatu yanaweza kutosha kabisa. Unaweza kulala hadi saa saba mchana, mfunge darasa saa nane mpaka saa kumi na moja, halafu mtoi atoke acheze na wenzake wa ploti.

Kitu haibadiliki ni usingizi wake. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12, na usiku ndio wakati wake. Usimgeuze bundi juu wewe ni bundi.

Sasa jiulize swali gumu: ukiwa umelala asubuhi, nani anamwangalia? Kama hakuna shosho, auntie ama mtu wako wa nyumba, hiyo ratiba imekufa kabla ianze.

Ukiona haiwezekani, si lazima umtoe shule. Omba shifti za mchana likizo ya Aprili, Agosti na Desemba. Ukitoka kazi, msindikize hadi kwa gate kabla ulale. Dakika 20 za kutembea na kupiga story kila asubuhi ni karibu saa mbili kwa wiki, na hiyo haihitaji ruhusa ya mtu.

Wewe ungechagua gani?