NAULI SI TIKETI PEKE YAKE



Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na Kasese mwaka 1956. Wenzetu wa viwanda vya Jinja na migodi ya Kilembe walisafiri daraja la tatu pamoja na mizigo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria za masafa marefu zilikoma. Mwaka 2015 treni ilirudi, lakini kwa Kampala na Namanve tu.

Basi na taksi zina faida: hutushusha karibu na lango la shamba. Lakini Krismasi ikikaribia nauli hupanda, mzigo hulipiwa mbali, na msongamano wa barabarani hula saa zetu za kazi.

Tutazame majirani. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza mwaka 2024 kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000 za Tanzania, nayo huwahi kufika kuliko basi. Kenya, treni ya Mombasa hadi Nairobi ilianza mwaka 2017 kwa shilingi 700 za huko. Mwaka 2024 ikawa 1,500. Tena stesheni ya Nairobi iko Syokimau, nje ya mji. Abiria hulipa mara ya pili kufika mjini.

Mwaka 2024 serikali yetu ilitia saini mkataba wa reli mpya, Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Basi tudai mapema: daraja la bei nafuu, stesheni karibu na viwanda na mashamba, na saa zinazolingana na zamu zetu. Reli ikishajengwa, stesheni haihamishwi.