Homoni na Mimba Zinazoharibika

Mimba ikiharibika mara ya pili au ya tatu, aghalabu mama ndiye atupiwaye lawama, na jamaa huwa tayari kununua dawa yoyote wanayoelezwa. Kwa familia za machimbo ya Rwamgasa, mkoani Geita, kama kwa familia za mijini, yafaa kufahamu dawa za homoni zinaweza nini na haziwezi nini.

Homoni ya projesteroni hutengenezwa na mwili wa mwanamke mwenyewe ili kuuandaa mji wa mimba. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliowahusu wanawake 4,153 waliotokwa damu mwanzoni mwa ujauzito. Walionufaika hasa ni wale waliokwisha kupoteza mimba 3 au zaidi: kati ya kila 100 waliopewa projesteroni, 72 walijifungua watoto hai, miongoni mwa wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikuwa 57. Lakini utafiti wa mwaka 2015 ulikuwa umeonyesha kuwa kuharibikiwa mimba mara kwa mara peke yake, bila kutokwa damu, si sababu ya kutosha ya kuitumia.

Wala si kila homoni ni salama. Tangu miaka ya 1940, wajawazito wengi wa Marekani walipewa homoni bandia iitwayo DES. Mwaka 1953 ilidhihirika kuwa haizuii mimba kuharibika, lakini iliendelea kutolewa. Mwaka 1971 madaktari waligundua saratani ya nadra ya uke kwa mabinti wa akina mama hao.

Tena, homoni haitibu malaria wala kaswende, maradhi yawezayo kuharibu mimba. Haiondoi pia zebaki. Donge la dhahabu linapochomwa, mvuke wa zebaki huingia mwilini mwa mama, hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mradi wa Umoja wa Mataifa ulipima zebaki katika miili ya wakazi wa Rwamgasa mwaka 2003. Hatari hiyo si mpya kwao.

Kwa hiyo mama atokwaye damu asikimbilie duka la dawa. Aende kituo cha afya upesi, ataje mimba zote alizopoteza, apimwe malaria na kaswende. Naye baba amsindikize, na asichomee dhahabu nyumbani.