Kabla ya Kumtumia Fundi wa Sola Pesa, Uliza Daraja Lake

Fundi amepanda juu ya paa lako hapo Kapsoya, akashuka, akataja bei. "Boss, nitumie nusu nikanunue paneli. Tuma kwa hii namba, ni ya bibi yangu." Umebakisha PIN tu. Ngoja kwanza.

Hapa Kenya kazi ya sola ina leseni yake, inayotolewa na EPRA. Leseni ya fundi wa waya za nyumba ni nyingine. Wengi huuliza "una leseni?" na kuishia hapo, ilhali swali lenye uzito ni "ya daraja gani?"

Kanuni za sola za 2012 ziliwagawa mafundi mara tatu. T1 ni wa mitambo midogo ya hadi wati 100, betri moja, taa na kuchaji simu. T2 anafika wati 300, betri kadhaa na inveta. Mtambo unaochanganya sola na stima ya Kenya Power ni wa T3. Kwa hivyo ule wa friji na TV unaojibadilisha wenyewe stima ikipotea, T1 hana ruhusa ya kuugusa, hata akiwa na leseni halali mfukoni. Na si mambo ya karatasi tu: ukiungwa vibaya, inveta inaweza kurudisha umeme kwenye laini ya nje, ikamnasa mtu aliye juu ya nguzo akidhani laini imezimwa.

Omba picha ya leseni. Soma jina, daraja na tarehe ya mwisho, kisha hakikisha kwenye tovuti ya EPRA. Jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo lifanane na hilo, au liwe la kampuni yake. Namba ya bibi si kosa, lakini mkikosana, rekodi itaonyesha ulimtumia pesa mama ambaye hajawahi kushika waya. Kumbuka pia, kurudisha pesa ni kwa aliyekosea namba. Kazi mbovu hatuwezi kuirudisha.

Paneli na betri, enda dukani na fundi ulipe mwenyewe kwa Till ya duka, risiti na waranti ziandikwe jina lako. Pesa ya ufundi mpe kidogo ya kuanzia, na salio umtumie mtambo ukishawaka usiku mzima.