Blada iliyookoa injini Gakoromone

MKANDA wa feni ukikatika, gari halisimami papo hapo. Huo ndio mtego wenyewe. Injini huendelea kunguruma huku ikijipika, na dereva asiyetazama dashibodi hushtuka mvuke unapofuka.

Mkasa huo ulinipata karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru, nikiipeleka jamaa yangu Nkubu kwa Peugeot 504 kuukuu. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, lakini sifa hazisaidii mkanda ukikatika. Taa nyekundu ya betri iliwaka, kisha mshale wa joto ukapanda. Niliegesha kando ya akina mama wauza ndizi, nikazima injini.

Nilipotaka kufungua rejeta, fundi mmoja wa makamo alinishika mkono.

"Ngoja, kijana. Maji yatakurukia usoni."

"Mzee, watoto wamechoka."

"Wangoje nusu saa. Uso hauuzwi sokoni."

Tukingoja, alinieleza kwamba mkanda huo huzungusha feni, pampu ya maji na altaneta. Ukikatika, maji hayazunguki tena, na joto laweza kuunguza gasketi au kupinda kichwa cha silinda. Hapo gharama si ya mkanda tena, bali ya kufungua injini.

Alitwaa blada, ule utepe wa tyubu kuukuu ambao wenye mikokoteni hufungia mizigo. Baada ya kuniagiza nichomoe ufunguo, aliisokota, akaizungusha kwenye puli, akaivuta ikakaza, akafunga fundo dogo. Injini ilipopoa, aliongeza maji pole pole, kwani maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye chuma cha moto yaweza kukipasua.

"Hii itakufikisha kwenye duka la vipuri, si Nkubu," alionya. "Macho yako kwenye mshale."

Nilifika. Nilipofunua boneti, fundo lilikuwa limelika nusu. Laiti ningaliidharau kauli yake, tungalilala njiani.

Magari mengi ya kisasa, yenye mkanda mpana unaopitia puli nyingi, hayakubali ufundi huu. Hata kwa gari kuukuu, blada ni mkopo wa muda mfupi tu.

Siku hiyo nilinunua mikanda miwili: mmoja wa kufunga, wa pili wa kuweka butini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.