Homa ya Siku ya Tano

Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia Kasumulu mpakani hadi Matema chini ya milima ya Livingstone, mtu akichemka mwili wazo la kwanza ni malaria. Wala si kosa. Kyela ni bonde la joto, mvua zake ni miongoni mwa nyingi kabisa nchini, na mashamba ya mpunga hukaa na maji kwa muda mrefu. Muuguzi wa zahanati anayempima malaria kila mwenye homa anafanya kazi yake ipasavyo. Lakini lipo kundi dogo la wagonjwa ambao homa yao inaweza kuwa na maana nyingine kabisa: watu waliosafiri hadi Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, wakarudi nyumbani kabla kidonda cha ndani hakijashikana. Nawaandikia wao, na ndugu watakaowauguza, na muuguzi atakayekutana nao kwa mara ya kwanza huko Ipinda au Ngonga.

Zamani huduma hii ilifuatwa India au Afrika Kusini. Miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, imekuwa ikiitoa hapa nchini, na Nairobi pia zipo hospitali zinazoifanya. Watu wengi wamesikia zaidi habari za puto, lile linaloshushwa tumboni kupitia mdomoni, likajazwa maji na kutolewa baada ya miezi kadhaa bila kisu. Mwenye puto hutapika na kusokotwa na tumbo siku mbili tatu, kisha mambo yakatulia. Upasuaji wenyewe ni habari nyingine, na aina zinazofanywa zaidi duniani ni mbili. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, akabakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hutenga kifuko kidogo cha kama mililita 30 sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, akaunganisha utumbo mdogo hapo, ili chakula kisipite tena katika sehemu kubwa ya tumbo. Zote mbili hufanywa kwa kamera, kupitia matundu manne au matano madogo. Ndiyo maana ndugu wakiingia wodini humwona mgonjwa kama mtu ambaye hakuguswa. Nje kuna plasta chache. Ndani, kwa aliyefanyiwa aina ya kwanza, kuna mshono wa pini ndogo za chuma wenye urefu wa kama shubiri moja, na mshono huo ndio unaotawala kila kitu kitakachotokea kwa wiki kadhaa.

Mgonjwa huzindukia katika chumba cha uangalizi, kinywa kikavu, koo likiuma kwa sababu ya mpira wa kupumulia aliowekewa wakati wa nusukaputi. Amelazwa kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, kwa kuwa mtu mnene akilala chali njia yake ya hewa hubanwa, hasa kama alikuwa anakoroma sana usiku na pumzi kukatika. Pua ina mrija wa oksijeni, mkono una dripu, kidole kina kifaa cha kupima mapigo na hewa ya damu. Wengine huwa na mpira wa mkojo kwa saa chache. Hakuna kati ya hivyo kinachoonyesha kwamba mambo yameharibika, na ndugu wajulishwe hivyo mapema ili wasiangue kilio mlangoni.

Kinachowashtua wengi ni bega. Mtu amepasuliwa tumbo, kwa nini bega ndilo linalouma? Ili kamera ione, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na masalia yake husumbua kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Neva za kiwambo hicho na za bega hupokelewa mahali pamoja katika uti wa mgongo, kwa hiyo ubongo husikia uchungu begani. Maumivu ya namna hii hupungua siku hadi siku, na kutembea husaidia. Bega la kushoto linaloanza kuuma upya, au linalozidi kuuma baada ya kuwa limetulia, ni jambo jingine, na nitalirudia.

Saa chache tu baada ya kuzinduka, muuguzi atakuja kumwinua. Hapa ndipo ugomvi unapoanza wodini. Shangazi anasema mwacheni mtoto apumzike, muuguzi anasema asimame. Muuguzi ndiye mwenye haki. Zamani hata madaktari waliamini kwamba aliyepasuliwa alale kitandani. Miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alionyesha kwamba mgonjwa anayeinuliwa mapema, anayepewa vinywaji mapema na asiyelundikiwa dawa kali za maumivu hupona haraka zaidi, na tangu hapo taratibu za wodi nyingi duniani zimebadilika. Kwa mtu mnene hoja ni nzito zaidi. Damu iliyotulia miguuni huweza kuganda, bonge likapanda hadi kwenye mapafu, na hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya upasuaji huu. Ndiyo maana ya sindano ya kila siku ya kuzuia damu kuganda, ya soksi za kubana, na ya kutembea hadi mwisho wa korido na kurudi. Atembee akiwa anaugulia, lakini atembee. Akiwa kitandani avute pumzi ndefu mara kwa mara, na akohoe huku amekumbatia mto tumboni.

Kisha maji. Somo hili ndilo gumu kuliko yote. Mgonjwa ataanza na vijiko viwili vya chakula, yaani kama mililita 30, kila baada ya dakika 15. Piga hesabu: hiyo ni mililita 120 kwa saa, na kufikisha lita moja na nusu kwa siku kunamtaka anywe hivyo kwa zaidi ya saa 12, bila kusahau. Mtu aliyezoea kugugumia glasi nzima atajaribu mara moja, na kifua kitabanwa, na atatapika. Hapo ndipo atakapoelewa. Asinywe kwa mrija, asinywe soda. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za wagonjwa hawa kurudishwa hospitali, tena Kyela, ambako mtu hulowa jasho kabla jua halijapanda, ni hatari zaidi kuliko kwenye wodi yenye feni. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, maji hayatoshi.

Sasa niseme na wenye hotpoti. Najua kwamba kwetu kumuuguza mtu ni kumpelekea chakula, na kufika kitandani mikono mitupu ni aibu. Lakini siku mbili za mwanzo mgonjwa huyu hapewi hata uji. Anakunywa vitu vyepesi vinavyopitisha mwanga: maji, chai isiyo na majani mengi, supu iliyochujwa kabisa. Baada ya hapo, hadi kama wiki mbili, ni vinywaji vizito kidogo kama maziwa na uji mwembamba. Wiki zinazofuata ni vyakula vilivyosagwa, kisha laini, na chakula cha kawaida kinarudi kati ya wiki ya sita na ya nane. Kipande kimoja cha nyama alichokimeza kwa kumwonea haya mama mkwe kinaweza kukwama, akatapika kwa nguvu, na mshono ukapata shida. Anayempenda amletee mwavuli, amletee redio, akae naye zamu ya usiku, amkumbushe maji.

Wakati wa vyakula vilivyosagwa ukifika, watu wa ziwani wana bahati ambayo wa mjini hawana. Mgonjwa anahitaji kama gramu 60 za protini kwa siku, na watu wanatumia fedha nyingi kununua makopo ya unga wa protini. Mbasa aliyechemshwa, akatolewa miiba yote na kupondwa, anafaa vizuri. Usipa waliokaushwa vizuri na kusagwa unga, ukachanganywa kwenye uji, wanampa protini na madini ya chokaa kwa bei ya sokoni. Wali wa Kyela uje mwisho kabisa, hata ukinukia namna gani, kwa sababu huvimba na kushikamana katika mrija mwembamba, na hujaza nafasi ambayo samaki angeihitaji.

Mwenye kisukari au presha asishangae madaktari wakipunguza dawa zake kabla hajatoka wodini. Sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, hasa baada ya upasuaji wa aina ya pili, hata kabla uzito haujapungua. Anayerudi nyumbani na kuendelea na kipimo chake cha zamani cha insulini au glibenklamidi, huku anakula vijiko vichache, anaweza kuzimia. Dawa za presha zinazoongeza mkojo nazo huongeza ukavu wa mwili. Dawa zote za zamani alizonazo nyumbani zikaguliwe upya.

Nirudi kwenye mshono. Kwa wagonjwa wachache sana, mahali fulani kwenye zile pini hapashikani, na majimaji ya tumbo yakaanza kuvuja. Hospitali nyingine humnywesha mgonjwa dawa ya rangi na kumpiga picha kabla ya kumruhusu, lakini picha safi ya siku ya pili haizuii uvujaji wa siku ya tano, au hata wa wiki ya pili. Dalili ya kwanza mara nyingi si maumivu. Ni moyo kwenda mbio. Mapigo yakipita 120 kwa dakika mtu akiwa ametulia, na yasishuke, hilo ni jambo la kukimbilia hospitali hata kama anasema yuko sawa. Kisha huja homa, pumzi fupi, tumbo kuuma, bega la kushoto, na hali ya mtu kuhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa, nami nawaomba wauguzi waiamini kauli hiyo. Ndugu anayekaa na mgonjwa ajifunze wodini kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Ni ujuzi wa dakika tano.

Mtu huyu akifika zahanati na homa ya siku ya tano, kipimo cha malaria kifanywe, ndiyo. Lakini jibu lolote litakalotoka, awe na malaria au asiwe nayo, apelekwe mbele siku hiyo hiyo: Hospitali ya Wilaya ya Kyela au Matema kwa huduma ya kwanza, na bila kukawia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambako kuna madaktari bingwa wa upasuaji. Kumpa dawa na kumwambia arudi baada ya siku tatu ni kupoteza siku ambazo hana.

Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni kwamba mtu wa Kyela asipande basi siku anayoruhusiwa. Wodini atakaa siku mbili au tatu, na hiyo inatosha kwa anayeishi Kibamba, huko huko Dar es Salaam. Kwa wa Kyela, kuna zaidi ya kilomita 900 za kukaa kitini miguu ikining'inia, damu ikitulia, maji hayanyweki kwa kuhofia choo. Akae kwa ndugu Dar es Salaam wiki mbili, arudi kuonwa na daktari, ndipo asafiri. Safarini ashuke kila basi linaposimama, anywe maji yake kidogo kidogo, na amuulize daktari kama sindano za kuzuia damu kuganda ziendelee. Akifika nyumbani, ndoo ya maji kichwani isubiri kama wiki sita.

Wengi huficha. Nawaelewa, kwa sababu kwetu mtu akikonda haraka majirani humpa ugonjwa wanaoutaka wao. Asimwambie kila mtu, lakini mmoja nyumbani ajue, na zahanati ijue. Siku atakayozidiwa asiweze kusema, karatasi ya ruhusa ndiyo itakayomsemea. Iwe na aina ya upasuaji, tarehe, na namba ya simu ya wodi. Iandikwe kwamba asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa huweza kuchubua tumbo, na kwamba mpira wa kupitia puani usisukumwe tumboni bila daktari wa upasuaji. Iandikwe pia kwamba akipewa mseto wa malaria unahitaji kumezwa na kitu chenye mafuta kama maziwa, na kama hawezi kumeza bila kutapika, matibabu yawe ya sindano.

Na iwepo vitamini B1. Akiba yake mwilini huisha ndani ya wiki mbili tatu za kutapika. Mgonjwa huanza kuona mbilimbili, kuyumba, kuchanganyikiwa, na ndugu wanasema malaria imempanda kichwani. Akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya sindano ya vitamini hiyo, ubongo unaweza kuumia na usirudi ulivyokuwa. Sindano itangulie, glukosi ifuate.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi wodini. Uzito ukianza kushuka, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hata kwa aliyekuwa ameshakata tamaa, ilhali inafaa asubiri kati ya miezi 12 na 18. Vidonge vya majira havitegemewi baada ya upasuaji wa aina ya pili, kwani havifyonzwi vizuri. Vijiti au kitanzi vinafaa zaidi, na aombe kuwekewa au kupewa rufaa kabla hajakabidhiwa karatasi yake.