Kitabu na Senema: Mabishano ya Machakos

Safari ya kumzuru mjomba ilinifikisha mjini Machakos. Baada ya sala ya alasiri tuliketi mkahawani, sote wapenzi wa vitabu vya Meja Mwangi, na mazungumzo yakageuka mabishano.

Mwalimu mmoja mstaafu alishikilia kuwa kitabu kikishafanywa senema huwa kimeuzwa. Akatoa mfano wa Carcase for Hounds cha mwaka 1974, hadithi ya Jenerali Haraka na wapiganaji wake wa Mau Mau msituni, ambayo Ola Balogun wa Nigeria aliitolea filamu ya Cry Freedom mwaka 1981.

"Hata jina halikusalimika!" akanung'unika.

"Mwalimu," nikamjibu, "na The Bushtrackers cha 1979 je? Hicho Mwangi alikiandika kutokana na mchezo wa senema wa Gary Strieker. Hapo senema ndiyo iliyozaa kitabu."

Akacheka, lakini hakukubali. Kijana aliyekuwa akitumiminia chai akauliza kwa adabu: "Mzee, hiyo filamu ya Haraka uliiona?"

Mwalimu akanyamaza kitambo. Kumbe hakuiona. Nami, wallahi, sikuiona.

Basi tulikuwa tukimhukumu mtu ambaye hatujamsikiliza. Filamu hatukujua pa kuitazama. Lakini kitabu, ingawa kurasa zake zimelegea, kilikuwamo mkobani mwa mwalimu. Ilipoadhiniwa magharibi, yule kijana ndiye aliyebaki nacho mkononi, kwa ahadi ya kukirudisha Ijumaa.