Mtoto Anayepiga na Kuuma Wenzake: Kuelewa Tabia Sumbufu Kabla ya Umri wa Shule

Si jambo geni katika kliniki za watoto jijini Mwanza mama kumleta mtoto wa miaka minne kwa ajili ya kikohozi, kisha, akiwa tayari mlangoni, akatamka shida iliyomleta hasa: mtoto anawauma wenzake, na mwalimu wa chekechea amechoka naye. Mama huyu anahitaji jibu, wala si lawama.

Tabia hizi ni zipi?

Ni kupiga, kuuma, kunyang'anya, kuharibu vitu kwa makusudi na kukaidi maagizo, kiasi cha kuwaumiza wengine. Si kila utukutu ni tatizo. Tafiti za Richard Tremblay na wenzake nchini Kanada zilionesha kuwa binadamu hupiga na kusukuma mara nyingi zaidi katika miaka ya mwanzo ya utoto, kisha hupunguza kadiri anavyojifunza kuzungumza na kusubiri. Kwa hiyo mtoto hahitaji kufundishwa kupiga. Huhitaji kufundishwa kuacha. Wasiwasi uanze pale tabia inapodumu kwa miezi sita au zaidi, inapoonekana nyumbani na shuleni, na inapozidi ile ya watoto wa rika lake.

Chanzo chake

Kwanza ni mwili. Sikio linalotoa usaha hupunguza usikivu; asiyesikia agizo huitwa mkaidi, na asiyeweza kusema hutumia mkono. Upungufu wa damu, ambao katika Kanda ya Ziwa huletwa na malaria, selimundu, minyoo na kichocho, humchosha mtoto na kumfanya mwepesi wa hasira. Kifafa na athari za malaria kali huweza pia kubadili tabia.

Pili ni mazingira. Utafiti wa MAISHA uliofanyika Mwanza ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya wanawake walioshiriki na waliowahi kuwa na mwenza walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenza wao. Mtoto anayeshuhudia kipigo hujifunza kuwa ugomvi humalizwa kwa mkono.

Tatu ni malezi yasiyo na msimamo mmoja. Mvuvi wa dagaa huwa kambini wakati wa giza na hurejea nyumbani wakati wa mbalamwezi. Mama huondoka alfajiri kwenda mwaloni. Mtoto hubaki na bibi au dada yake. Alichokataza baba, bibi hukiruhusu. Hapo huzaliwa mzunguko ulioelezwa na mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Marekani: mzazi huagiza, mtoto hupiga kelele, mzazi huchoka na kumwachia. Mtoto amejifunza kuwa kelele hushinda. Siku nyingine mzazi humchapa, mtoto hunyamaza, na mzazi naye hujifunza kuwa fimbo hushinda. Kelele na fimbo huongezeka pamoja.

Mzazi afanye nini?

- Mpe mtoto dakika kumi za mchezo kila siku, hata kama ni wakati wa kuanika dagaa.
- Msifu kwa kutaja tendo: "Umemsubiri mdogo wako, vizuri sana."
- Toa agizo moja, fupi, ukiwa karibu naye na ukimtazama.
- Akipiga, mwondoe mchezoni kwa dakika tatu au nne, kwa utulivu, bila matusi. Kisha arudi, aoneshwe namna ya kuomba.
- Walezi wote wakubaliane sheria tatu tu, na baba azifuate arudipo kutoka ziwani.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja. Fimbo huzuia tendo la sasa, na papo hapo humwonesha mtoto kuwa mwenye nguvu ana haki ya kupiga.

Kwa mhudumu wa afya

Uliza kuhusu tabia hata kama mtoto ameletwa kwa homa. Chunguza masikio, usemi, damu na historia ya degedege. Mwulize mama, mkiwa faragha, kuhusu usalama wake nyumbani. Mtoto mwenye kuchelewa kusema, degedege, kujiumiza au kuwatesa wanyama apewe rufaa mapema. Palipo na ukatili, shirikiana na ofisi ya ustawi wa jamii; simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Mabadiliko huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi siku za mwanzo mtoto huzidisha kelele kwa kupima msimamo wa mzazi. Mama aambiwe hilo mapema, ili asikate tamaa wakati ambapo juhudi zake zinaanza kuzaa matunda.